Papa Aliyepewa Majina Mengine: Kisa cha Pwani ya New Jersey, Julai 1916

Jumamosi ya tarehe 1 Julai 1916, daktari Eugene Vansant wa Philadelphia alikuwa na familia yake Beach Haven, mji mdogo ulio kwenye kisiwa chembamba cha Long Beach, jimbo la New Jersey, Marekani. Walikuwa wamekuja kama zilivyokuja familia nyingi za kwao kila kiangazi: kutoka mjini, vyumba katika hoteli ya Engleside, upepo wa Atlantiki, chakula cha jioni mezani kwa wakati wake. Kabla ya chakula hicho mwanawe Charles, kijana wa miaka ishirini na kitu, aliteremka baharini kuogelea kidogo. Ufukweni palikuwa na mbwa mkubwa wa kuwindia, na Charles akawa anacheza naye.

Hakukaa sana majini, akaanza kupiga kelele. Waliokuwa ufukweni walimsikia vizuri tu. Walidhani anamwita mbwa.

Mlinzi wa waogaji, Alexander Ott, ndiye aliyemfikia, akisaidiwa na Sheridan Taylor, mtu aliyekuwapo tu. Walimvuta hadi nchi kavu, na baadaye walieleza kwamba papa aliwafuata wakati wakimvuta. Nyama ya paja la kushoto ilikuwa imechunwa. Wakamlaza juu ya meza ya meneja wa hoteli. Baba yake, ambaye kazi yake ilikuwa kutibu watu, alikuwa hapohapo, na bado damu haikuzuilika. Saa moja kasorobo jioni Charles alikata roho juu ya meza ile.

Kisa hiki husimuliwa zaidi kama hadithi ya mnyama mkali. Kwa maoni yangu mnyama ndiye sehemu rahisi kuliko zote: papa ana meno, maji yana watu. Ugumu uko kwa binadamu. Kuanzia Julai 1 hadi 12 watu wanne walikufa na mmoja akajeruhiwa vibaya katika pwani moja, na karibu kila mara palikuwa na shahidi aliyemwona papa, au aliyeiona kazi yake, kisha akakiita kile alichokiona kwa jina la kitu alichokizoea. Mbwa ndiye wa kwanza katika orodha hiyo. Nitakifuata kisa kwa uzi huo.

Lakini kwanza ieleweke kwa nini pwani ilikuwa imefurika. Kiangazi kile kilikuwa cha joto kali, na miji ya mashariki ya Marekani ilikuwa imevamiwa na polio. Katika jiji la New York peke yake ugonjwa huo uliua watu zaidi ya 2,000 mwaka huo, wengi wao watoto wadogo. Chanjo haikuwapo, ya kwanza ilikuja kuanza kutumika kwa umma mwaka 1955. Mzazi aliyekuwa na uwezo alifanya jambo moja tu lililobaki: alifungasha, akawachukua watoto, akaondoka. Kwa hiyo hatari, katika fikra za mzazi wa mwaka ule, ilikuwa na anwani inayojulikana. Ilikuwa mtaani, kwenye msongamano, kwa mtoto wa jirani mwenye homa. Bahari ilikuwa ndiyo kimbilio. Ni vigumu sana kumfanya mtu aliogope kimbilio lake, hasa akiwa ameshalipa chumba na watoto wameshavua viatu.

Na elimu ya wakati ule nayo ilimuunga mkono. Mwaka 1891 tajiri mmoja wa meli, Hermann Oelrichs, alitangaza katika gazeti la Sun la New York zawadi ya dola 500 kwa yeyote atakayethibitisha kwamba papa amewahi kumshambulia mtu aliye hai katika maji ya baridi ya pwani ile. Miaka ikapita, zawadi haikuchukuliwa, na polepole zawadi isiyochukuliwa ikageuzwa kuwa ushahidi. Watu wazima, wasomi kabisa, waliitaja kama hoja. Hawakuuliza ni nani hasa angeidai: maiti isiyoonekana tena, au baharia aliyemwona mwenzake akipotea na ambaye neno lake halikuhesabiwa kuwa uthibitisho? Mimi huiona zawadi ile kuwa sehemu ya kisa chenyewe kuliko kuwa kichekesho cha pembeni, kwa sababu kwa robo karne ilifundisha pwani nzima kwamba swali limekwishajibiwa.

Sasa tumchukue mzazi mwingine yeyote aliyekuwa hotelini tarehe 3 Julai, siku mbili baada ya kifo cha Charles Vansant, watoto wakimvuta mkono waende majini. Alikuwa na taarifa gani?

Kama alisoma New York Times la siku hiyo, alikuta habari fupi iliyotupwa mwisho wa gazeti, yenye kichwa kilichosema kijana amekufa baada ya kushambuliwa na samaki. Samaki tu. Kama alisoma magazeti ya Philadelphia alikuta maoni ya James Meehan, aliyewahi kuwa kamishna wa uvuvi wa Pennsylvania na wakati huo akisimamia jumba la samaki la Philadelphia. Meehan hakuona sababu ya watu kusita kuoga baharini. Dhana yake ilikuwa kwamba huenda papa mdogo alisukumwa na maji yaliyojaa, yakampwea, akanasa karibu na ufuo, na kwamba kuwapo kwa mbwa kulichangia. Yaani tukio lilikuwa na sababu zake za pekee, na sababu hizo zilikwisha siku hiyohiyo. Mbwa hayupo, maji yamepwa, mambo yamekwisha.

Hoja ya namna hii ina utamu wake na ndiyo maana ni ya hatari. Haikani kilichotokea, inakikubali, kisha inakifungia ndani ya saa moja na ufuo mmoja. Wakati huohuo manahodha wa meli zilizokuwa zikiingia bandari za New York na Newark walikuwa wakiripoti kuona papa wakubwa pwani ile. Ripoti zao hazikumnyima mtu usingizi. Fukwe zilibaki wazi. Kwa haki ya waliokuwapo niseme: ukiweka mezani kifo kimoja, kamishna mzima wa zamani anayesema usijali, na ripoti za mabaharia ambao husifika kwa kutia chumvi, mzazi aliyewaruhusu wanawe waingie majini hakuwa mjinga. Alikuwa amewasikiliza watu aliofundishwa kuwasikiliza.

Tarehe 6 Julai, Alhamisi, zamu ikawa ya Spring Lake, kama kilomita 72 kaskazini ya Beach Haven. Huu ulikuwa mji wa hoteli za kifahari zaidi. Charles Bruder, kijana wa Uswisi aliyekuwa msimamizi wa wabeba mizigo katika hoteli ya Essex and Sussex, alikuwa na mapumziko yake ya mchana na akaogelea mbali, kiasi cha mita 120 kutoka ufukweni. Bruder alikuwa mwogeleaji hodari, na alikuwa mfanyakazi, si mgeni. Jambo hilo hupitwa haraka katika masimulizi, lakini likizo ya familia hubebwa na watu kama yeye, na saa zao za kuoga huwa ni zile wanazopewa.

Papa alimvamia huko. Ufukweni mwanamke mmoja alisikia kelele, akatazama, na akawaita walinzi wa waogaji: mtumbwi mwekundu umepinduka, umeelea sawasawa na maji. Hakuwa akisema uongo. Aliona wekundu mwingi juu ya maji na kitu kinachotapatapa ndani yake, na kichwa chake kikatafuta haraka kitu chekundu kinachopatikana baharini. Walinzi wawili, Chris Anderson na George White, wakapiga makasia hadi pale, na walipomwinua Bruder wakaona miguu haipo. Alifariki kabla hawajafika nchi kavu.

Safari hii habari haikubaki ukurasa wa mwisho. Simu za hoteli zilitumika kupeleka onyo kwenye fukwe nyingine, watu wakatoka majini, na wageni pamoja na wafanyakazi wa Essex and Sussex wakachanga fedha za kumpelekea mama yake Bruder huko Uswisi. Daktari aliyeuchunguza mwili alisema bila kuuma maneno kwamba hii ni kazi ya papa. Mji wa Asbury Park, jirani na Spring Lake, ukazungushia eneo la waogaji wavu wa waya wa chuma na kuweka boti za mashine zenye watu wa bunduki kulinda nje yake. Hatua hiyo ni rahisi kuidharau leo, lakini naiona kuwa uamuzi wa busara kuliko mwingine wowote uliofanyika pwani ile mwezi huo. Hawakuchukua upande katika ubishi wa kama papa hula watu. Walijiuliza tu, ikiwa ni kweli, mtoto atakuwa upande gani wa wavu?

Tarehe 8 Julai, Jumba la Makumbusho ya Maumbile la Marekani, mjini New York, likaita waandishi wa habari. Mezani walikaa mkurugenzi wake, Frederic Lucas, pamoja na wanasayansi John Treadwell Nichols na Robert Cushman Murphy. Lucas alikuwa mtu mzito katika fani yake na kwa muda mrefu alikuwa ameshikilia kwamba taya za papa hazina nguvu ya kukata mguu wa mtu mzima. Kwa hiyo mwili wa Bruder ulikuwa tatizo kwake: ama nadharia ina kasoro, ama si papa. Nichols, kwa upande wake, alimfikiria nyangumi muuaji. Ujumbe waliokwenda nao waandishi ulikuwa kwamba uwezekano wa mtu kushambuliwa na papa ni mdogo sana, ingawa waogaji walishauriwa wasiende mbali na watumie sehemu zenye nyavu.

Hapa ningependa kukaa kidogo, kwa sababu ndipo wachambuzi wengi huwageuza wasomi hawa kuwa vikaragosi. Walichosema kuhusu uwezekano kilikuwa kweli, na ni kweli hadi leo. Hata sasa, dunia nzima ikiwa na mamilioni ya waogaji, mashambulizi ya papa wasiochokozwa yanayorekodiwa kwa mwaka ni kama 60 au 70 hivi, na wanaokufa ni wachache sana miongoni mwao. Mtu aliye mbali na bahari akiuliza kama aogope papa maishani mwake, jibu la Lucas ndilo jibu.

Ila tarehe 8 Julai hakuna aliyekuwa ameuliza hilo. Swali la siku hiyo lilikuwa jembamba zaidi: katika pwani hii, wiki hii, baada ya wawili kufa ndani ya siku sita, kesho niwaingize wanangu majini? Wastani wa miaka mingi haulijibu. Tukio adimu likishatokea mara mbili mahali pamoja, sababu iliyolileta huenda bado ipo palepale, na sababu hiyo ndiyo ya kuhesabiwa, si karne iliyopita. Wasomi wale walikuwa na ushauri mzuri mikononi mwao, nyavu na maji ya kina kifupi, lakini waliufunika kwa utulizo. Msomaji aliyetaka likizo yake iendelee alichukua utulizo akaacha ushauri.

Halafu kuna suala la wapi. Kila aliyeonya, na kila aliyebisha, alikuwa akizungumzia bahari. Matawan haikuwa na bahari. Ulikuwa mji wa kilomita 48 hivi kaskazini ya Spring Lake, uliokaa ndani, ukiunganishwa na Ghuba ya Raritan kwa hori lenye matope ambalo maji yake hujaa na kupwa. Watoto wa mji waliogea horini kwenye gati la Wyckoff. Hakukuwa na hoteli ya kifahari, wala mlinzi wa waogaji, wala mtu wa kufikiria wavu.

Jumatano tarehe 12 Julai, Thomas Cottrell, nahodha mkongwe wa mji huo, aliona horini umbo jeusi likipanda na maji, urefu wake kama mita mbili na nusu. Mtu aliyeishi baharini hahitaji kuelezwa anachokiona. Akakimbilia mjini kuonya. Ilikuwa kumpigia mbuzi gitaa. Papa, horini? Nahodha kapigwa na jua. Kumbuka kwamba watu hawa walikuwa wameshasoma habari za Spring Lake. Mji mzima ulijua kwamba pwani ina papa muuaji. Habari ile, badala ya kuwafumbua macho, iliwapa sababu ya kumcheka mzee: bila shaka kasoma magazeti naye anaona papa kila mahali. Onyo la kwanza likapunguza uzito wa la pili. Hili ndilo jambo ambalo sijaliona likipewa nafasi yake katika masimulizi ya kisa hiki, na kwangu ndilo kiini chake.

Mchana huo kundi la wavulana liliingia majini kwenye gati. Miongoni mwao alikuwa Lester Stillwell, mtoto wa miaka kumi na mmoja hivi. Waliona kitu kikielea kuwaelekea, wakadhani ni ubao mkuukuu mweusi, au gogo lililochakazwa na maji. Pezi lilipoinuka juu ya ubao ule ndipo walipojua, na Lester akavutwa chini. Wavulana wakakimbia mjini uchi uchi wakipiga kelele za papa.

Watu wazima wakaja mbio, lakini walichokuja kukitafuta hakikuwa kile walichoambiwa. Lester alikuwa na kifafa. Mji ulijua hivyo. Basi wanaume wa Matawan waliingia majini kumtafuta mtoto aliyepatwa na kifafa akazama, jambo linaloeleweka, la kusikitisha, lisilohitaji mtu kuogopa maji. Stanley Fisher, mfanyabiashara kijana wa miaka 24, alipiga mbizi mara kwa mara hadi akamfikia mtoto. Papa akamrarua paja la kulia mbele ya umati uliokusanyika ukingoni. Hospitali ya karibu ilikuwa Long Branch, akapelekwa kwa treni, akafia huko. Mwili wa Lester uliibuka siku mbili baadaye, tarehe 14, juu kidogo ya gati.

Simwiti Fisher mzembe. Huenda angeingia majini hata kama angeamini ni papa. Watu wa namna hiyo wapo. Lakini mji wote ulimwacha aingie kana kwamba ni msiba wa kawaida wa kuzama, wakati mashahidi waliomwona papa kwa macho yao walikuwa wamesimama hapohapo wakitetemeka. Walikuwa watoto. Asubuhi alikuwa mzee, mchana wakawa watoto, na kabla ya hapo manahodha wa meli. Kina Meehan na Lucas, ambao hawakumwona papa yeyote wiki ile, ndio walioaminiwa.

Jioni hiyo Matawan ilipinduka upande wa pili. Watu wakatupa baruti horini, wakafyatua bunduki kwenye maji, wakatandika nyavu za uzio. Meya akatangaza dola 100 kwa atakayeua papa katika hori hilo. Serikali ya Rais Woodrow Wilson ikalijadili suala hilo katika baraza la mawaziri, na walinzi wa pwani wakaingizwa. Pwani nzima wavuvi na wasio wavuvi walitoka na boti kuua papa yeyote aliyepita, na mamia waliuawa. Magazeti yakapokea barua za kila namna: mwandishi mmoja alimsingizia kobe mkubwa wa baharini, mwingine akaona mkono wa nyambizi za Wajerumani, maana vita vilikuwa vikiendelea Ulaya. Hata sasa, jina lilikuwa halijakubalika kwa wote.

Tarehe 14 Julai Michael Schleisser, mtu wa Harlem aliyekausha wanyama kwa kazi na aliyewahi kuwafunza simba wa sarakasi, alikuwa katika boti ndogo kwenye Ghuba ya Raritan, si mbali na mdomo wa hori la Matawan, pale wavu wake uliponasa papa aliyekaribia kuizamisha boti. Alimpiga kwa kasia lililovunjika hadi akafa. Alikuwa na urefu wa mita 2.3 na uzito wa kilo 147. Tumboni mwake ilikutwa minofu na mifupa kama kilo 7, iliyosemekana kuwa ya binadamu. Wanasayansi walimtambua kuwa papa mweupe mkubwa, bado kijana. Schleisser akamkausha, akawekwa dirishani mwa duka barabara ya Broadway, watu wakapanga foleni kumtazama, halafu akapotea. Mashambulizi hayakutokea tena kiangazi hicho.

Je, alikuwa ndiye? Ubishi haujakwisha. Papa mweupe mkubwa si kawaida yake kupanda hori la matope. Anayejulikana kwa tabia hiyo ni papa mnene mwenye pua butu ambaye kusini mwa Afrika huitwa kwa jina la Mto Zambezi, kwa kuwa hupanda mto huo mbali kabisa na bahari. Wanaomtetea papa mweupe wanajibu kwamba hori lile lilikuwa la maji ya chumvi yanayojaa na kupwa, na kwamba kitu kilichokutwa tumboni kinatosha. Wengine wanasema hakuna ulazima wa kuwa papa mmoja: Beach Haven na Spring Lake huyu, Matawan yule. Mimi naelekea upande wa papa wawili au zaidi, lakini kwa uchambuzi huu haibadilishi kitu. Hakuna uamuzi hata mmoja wa mwezi ule ulioharibika kwa sababu watu hawakujua ni papa wa jamii gani.

Fedha je? Wapo wanaokisoma kisa chote kama tamaa ya wenye hoteli. Hasara ilikuwapo: ilikadiriwa kwamba hoteli za pwani ya New Jersey zilipoteza kiasi cha dola 250,000, na sehemu nyingine waogaji walipungua kwa asilimia 75. Hiyo ilikuwa hesabu nzito kwa miji ambayo mapato ya mwaka huingia katika wiki kumi. Lakini maelezo ya tamaa hayafiki Matawan, ambako hapakuwa na biashara ya kulindwa na bado onyo lilichekwa. Na Asbury Park, iliyokuwa na biashara kubwa, ndiyo iliyotoa fedha za wavu. Maslahi yalikuwapo, ila hayakuhitajika ili kosa litendeke. Kilichohitajika ni watu waliokwisha kuwa na jibu.

Wasomi, kwa sifa yao, walibadilika. Kabla mwaka huo haujaisha Nichols na Murphy waliandika upya kuhusu papa wa maji ya karibu na New York, na mara hii papa mweupe mkubwa alichukuliwa kwa uzito aliostahili.

Nimemwacha mmoja kwa makusudi. Kama nusu saa baada ya Fisher kushambuliwa, chini kidogo ya gati la Wyckoff, Joseph Dunn, mvulana kutoka New York, alikuwa akioga horini na kaka yake na rafiki yao. Habari ikawafikia kwamba kuna papa na tokeni majini. Wakatoka, Joseph akiwa wa mwisho, na alipokuwa akikaribia ngazi papa akamshika mguu wa kushoto. Kaka yake na rafiki yake hawakufikiria mbwa wala ubao wala kifafa. Walikuwa wameshaambiwa ni nini, na waliamini, kwa hiyo walishika mikono yake papo hapo wakavuta, papa naye akivuta upande wake, hadi mguu ukaachia. Sitaki kuzidisha: jeraha lake halikuwa la Vansant wala la Fisher, na bahati ilikuwa na sehemu yake. Alipelekwa hospitali New Brunswick, mguu wake ukaokolewa, na tarehe 15 Septemba 1916 akaruhusiwa kurudi nyumbani.